Askari wa mwili wanapoudhuru utumbo
Chembechembe nyeupe za damu ndizo askari wa mwili. Katika ugonjwa wa Crohn, ulioelezwa na madaktari wa New York mwaka wa 1932, askari hao huwashambulia bakteria wa kawaida wa utumbo kana kwamba ni maadui, na utumbo wenyewe ukaumia. Hutoa protini iitwayo TNF, inayochochea uvimbe na vidonda. Mgonjwa huendesha, huumwa na tumbo na kukonda.

Dawa ya infliximab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 1998, huizuia protini hiyo. Hata hivyo, TNF hiyo hiyo husaidia kuvidhibiti viini vya kifua kikuu vilivyojificha mwilini. Ndiposa mgonjwa sharti apimwe kifua kikuu kabla ya kuanza tiba, maradhi ambayo yanapoushika utumbo hufanana mno na Crohn.