Nyumba ya Biashara na Hesabu Yake: Kutoka Kasongo hadi Ixelles

Galerie d'Ixelles ni ujia wa maduka uliofunikwa juu, unaounganisha Chaussée d'Ixelles na Chaussée de Wavre, katika sehemu ya Brussels iitwayo Matonge kwa jina la mtaa wa Kinshasa. Humo mna wasusi, wauza vitenge na wauza vyakula. Lugha zilizotamalaki ni Kilingala na Kifaransa, lakini mwenye sikio la pwani hachelewi kukisikia Kiswahili cha Kivu na Maniema, na kisamvu chetu akakisikia kikiitwa sombe. Kiswahili cha Maniema kilifika huko pamoja na misafara ya wazee wetu. Mmoja wao aliacha habari za nyumba yake ya biashara kwa maneno yake mwenyewe, nami naona habari hizo zatuhusu sote tuliorithi maduka, makampuni au majina ya watu waliohama.

Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alizaliwa Unguja yapata mwaka 1837. Sidai nasaba yake. Ukoo wangu ni mwingine, ila malezi ya biashara yalikuwa mamoja. Asimulia kwamba alianza safari akiwa na miaka 12, akichukua sandarusi kidogo pamoja na ndugu na mjomba wake katika pwani ya Mrima. Alipofika miaka 18 alifuatana na baba yake bara. Mtoto hakukabidhiwa mali kubwa kabla hajajua kuhesabu ndogo.

Mtaji ulitoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja, na kwake yeye hasa kwa Taria Topan. Nguo na shanga zilitolewa mali kauli, na malipo yakarudi kwa pembe baada ya miaka. Mdai hakuweza kumwona mdeni wake wala kujua kama yu hai. Kilichosimama baina yao ni hati na jina la ukoo. Aliyevunja ahadi hakujiharibia peke yake. Aliwafungia mlango ndugu na wanawe.

Nyumba ilipopanuka, ilipanuka kwa udugu. Baba yake alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe, na Tabora ikawa kituo cha jamaa. Huko Utetera, Hamed mwenyewe alimwendea mtawala Kasongo Rushie akadai kuwa bibi yake alikuwa wa damu ya ukoo ule. Mzee yule akamkubali, akamwachia utawala. Vituo vya mbali vilishikwa na jamaa: mwanawe Sefu, Bwana Nzige, na Rashid mwana wa Bwana Nzige. Hivyo ndivyo nyumba ya Unguja ilivyoweza kufanya kazi kutoka Bahari ya Hindi hadi mto Kongo bila ya benki wala simu.

Lakini haifai kuusifu utaratibu huu nusu. Ndani ya nyumba palikuwa na amana. Nje yake palikuwa na bunduki. Pembe zilipatikana kwa biashara, kwa kodi na kwa vita, na watu walitekwa, wakauzwa, wakabebeshwa mizigo. Katika masimulizi yake pembe zatajwa kwa frasila, na mateka wengi wapita kwa idadi tu, bila majina. Wapo wanaopita katika Galerie leo ambao wazee wao walitoka katika vijiji vile. Tunapowasimulia watoto wetu uhodari wa mababu, tukumbuke kwamba majirani hawa nao wana masimulizi ya safari zile zile.

Februari 1887, mjini Unguja, Hamed alitia saini mkataba na Stanley kwa niaba ya Mfalme Leopold II. Akawa liwali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Nadhani hapa ndipo nyumba ilipobadilika: mwenye mali alikuwa sasa mwajiriwa wa mshindani wake. Mwaka 1890 aliondoka Kongo, asirudi tena. Vijana aliowaacha hawakuwa na subira yake wala mdai wa kuwarudi. Vita vikazuka mwaka 1892. Kasongo ikaanguka Aprili 1893, na Sefu akafa mwaka huo huo. Kule pwani, mshirika wake Rumaliza akamshtaki mahakamani kwa ajili ya mali. Udugu ulioeneza biashara haukutosha kuigawa.

Hata hivyo, kabla ya kufariki Unguja mwaka 1905, mzee huyu aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha mjini Berlin. Linganisha na mshindani wake, ambaye jumba lake la kifalme liko mwendo mfupi wa miguu kutoka Galerie d'Ixelles. Dola Huru ya Kongo ilikuwa mali ya Leopold binafsi. Mwaka 1908, kabla ya kuikabidhi kwa serikali ya Ubelgiji, aliamuru nyaraka zake zichomwe moto. Masimulizi ya Hamed yana kujisifu na kunyamaza, lakini yanaweza kusomwa na kuhojiwa, hata na wajukuu wa waliotekwa.

Jamaa zetu leo wametawanyika Maskati, Dubai, London na Brussels, na wengi huuliza jinsi ya kuhifadhi desturi ya nyumba wakati biashara ina matawi katika nchi tatu. Desturi tuliyozoea kuitaja ni udugu: mpe mwana wa ndugu yako kazi, mwamini. Historia hii yaonyesha kwamba udugu ulifanya kazi pale tu ulipofuatana na mambo mengine mawili, yaani kijana kupimwa kwa mali ndogo, na hesabu kuonekana na mtu wa nje mwenye haki ya kuuliza. Basi, ndugu zangu, mnapowaketisha wazee kuwarekodi, msiulize tu nani alianza na nani alifaulu. Ulizeni pia mtaji ulitoka kwa nani, mizigo ilibebwa na nani, na ni nani hakulipwa. Yaandikeni majibu kama yalivyo, muwape wanaokuja kushika funguo.