Bunduki Zilizopiga Pembeni

Wadau, habari za Vita vya Makaburu kule Afrika Kusini (1899–1902) huwasifu sana Makaburu kwa shabaha na Mauser zao. Sawa. Lakini kuna aibu ya Waingereza isiyotajwa sana: baadhi ya bunduki zao za Lee-Enfield, alama za kulengea hazikukaa sawa. Kwenye yadi 500, karibu nusu kilomita, risasi ilikwenda kulia inchi 18, yaani sentimita 46 hivi.

Pigeni hesabu. Kwenye yadi 100 kosa ni sentimita 9 tu. Ukilenga kifua, mtu unampata. Kwenye yadi 500 risasi inampita ubavuni, naye anajibu.

Kosa la kiwandani, jamani, lakini analilipia askari. Ukiijaribu bunduki kwa karibu tu, adui wa mbali ndiye atakayekuonyesha kasoro yake.