Kisukari: maana ya maneno tunayoyasikia hospitalini

Kule Yahuma na katika vijiji vingi vya Tshopo, mgonjwa hurudi kutoka hospitali na karatasi yenye maneno magumu, na familia humletea mchungaji awaelezee. Haya ndiyo maneno makuu, kwa kufuata jinsi ugonjwa unavyoendelea mwilini.

Glukosi. Ni sukari iliyo ndani ya damu, inayoupa mwili nguvu. Haitoki katika chai na soda tu: muhogo, chikwange, wali na ndizi pia hugeuka kuwa glukosi.

Insulini. Ni homoni inayotengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula. Ndiyo inayoiwezesha glukosi kuingia katika seli. Kama dawa ya sindano, ilianza kutumika kwa binadamu mwaka 1922.

Haiperglisemia. Ni sukari kupanda katika damu. Mtu ambaye hajala tangu usiku akipimwa na kukutwa na miligramu 126 au zaidi kwa desilita (gramu 1.26 kwa lita), na kipimo cha pili kikathibitisha, ana kisukari.

Aina ya 1 na aina ya 2. Katika aina ya 1, kinga ya mwili huharibu seli zinazotengeneza insulini. Mara nyingi huanza utotoni au ujanani, tena kwa haraka. Katika aina ya 2, mwili huwa sugu kwa insulini, na polepole kongosho hushindwa. Mtu anaweza kukaa nayo miaka bila kujua.

Ketoasidosi. Insulini ikikosekana, mwili huchoma mafuta na damu hujaa asidi. Mtoto hukonda, hunywa maji na kukojoa sana, hutapika, hupumua kwa nguvu na kwa haraka. Wengine husema amelogwa. Hii ni dharura: afikishwe hospitali siku hiyo hiyo, nasi tumwombee njiani.

Hipoglisemia. Ni sukari kushuka chini ya miligramu 70 kwa desilita. Mgonjwa hutoka jasho, hutetemeka, huchanganyikiwa. Apewe maji ya sukari mara moja. Aliyezimia asinyweshwe kitu, apelekwe hospitali. Anayetumia insulini asifunge kula kabla ya kuongea na daktari.

Retinopati, nefropati, nyuropati. Ni madhara ya macho, ya figo na ya neva, yanayotokana na sukari kukaa juu kwa miaka. Mguu uliokufa ganzi hukanyaga mwiba bila kusikia maumivu. Kidonda hakiponi, huoza, na mguu huweza kukatwa. Mgonjwa akague nyayo zake kila jioni.

Ndugu wachungaji, hakuna hata neno moja hapa linalomaanisha laana. Luka mwenyewe alikuwa tabibu. Tunapomwombea mwenye kisukari, tusimwambie aache dawa: mwenye aina ya 1 akikosa insulini hufa, hata kama ameanza kujisikia vizuri.