Ukimya Wenye Historia: Akili Hisia na Ujifunzaji wa Kiingereza, kutoka Mhunze hadi Chuo Kikuu

Salovey na Mayer (1990) walieleza akili hisia kuwa ni uwezo wa mtu kutambua hisia zake na za wenzake, kuzipambanua, na kuzitumia kuongoza fikra na matendo yake. Kabla yao, Horwitz, Horwitz na Cope (1986) walikwisha kubainisha kwamba hofu ya kusema lugha ya kigeni darasani ni hofu ya aina yake, wakaiundia kipimo. Kwa vipimo vya namna hii, mwanafunzi wa chuo kikuu anayenyamaza katika semina huweza kuhesabiwa kuwa na upungufu wake binafsi. Insha hii inadai kwamba, nchini Tanzania, ukimya huo una historia ndefu kuliko umri wa mwanafunzi mwenyewe.

Historia hiyo hudhihirika Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu mkoani Shinyanga. Mtoto aliyelelewa huko kwa Kisukuma husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili. Aingiapo kidato cha kwanza, hukuta masomo mengi yakifundishwa kwa Kiingereza. Mpaka huo uliwekwa mwaka 1967, Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi huku sekondari zikiachwa kama zilivyokuwa.

Mwaka 1982, Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makwetta ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika sekondari mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984, Criper na Dodd waliripoti kwamba chini ya asilimia 20 ya wanafunzi wa chuo kikuu waliopimwa wangeweza kusoma kwa wepesi hata vitabu rahisi vya masomo yao. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilifungua mlango kwa Kiswahili katika ngazi zote, lakini sekondari za serikali ziliendelea kufundisha kwa Kiingereza.

Katika mazingira hayo, mwanafunzi hujifunza mapema kwamba jibu sahihi la baiolojia laweza kufunikwa na kosa la sarufi, na kwamba kosa huleta kicheko. Anaponyamaza, ametambua woga wake, amesoma nyuso za wenzake, na amechagua njia ya kulinda heshima yake. Kwa ufafanuzi wa Salovey na Mayer, huo si ukosefu wa akili hisia. Ni matumizi yake. Hasara ni kwamba kinga hiyohiyo humnyima mazoezi, kwa kuwa lugha hukua kwa kusemwa.

Yumkini pingamizi litakuwa kwamba wapo watu waoga kwa maumbile. Hoja hiyo yaweza kupimwa: woga wa maumbile ungemfuata mwanafunzi hata katika semina za Kiswahili, ambazo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huziendesha kwa Kiswahili chenyewe. Mtafiti anayepima hisia katika semina za Kiingereza pekee hawezi kutenganisha tabia ya mtu na athari ya sera.

Kwa hiyo, mafunzo ya akili hisia yaweza kumsaidia mwanafunzi kuthubutu kusema, lakini hayawezi kuziba pengo lililoachwa mwaka 1967. Kumtibu mwanafunzi peke yake ni kumtwika deni ambalo hakulikopa.