Ndege ya Akiba

Mjomba wangu anauza spea za magari Gerezani, katika duka ambalo ukinyoosha mikono yote miwili unagusa kuta. Wateja wake wengi ni wenye mabasi na malori, na kila mmoja huanza kwa kujisifia idadi ya magari aliyonayo. Mjomba huwakatiza: "Usiniambie unayo mangapi. Niambie kesho alfajiri yanatoka mangapi."

Kanuni hiyo hakuipata kwenye magari peke yake. Miaka kadhaa iliyopita mama yake, yaani bibi yangu, alifariki usiku huko Mwanza. Kulipokucha mjomba alikata tiketi ya ndege ya saa tano, ya shirika ambalo silitaji, ili awahi mazishi baada ya swala ya alasiri. Saa tano ikawa saa nane, saa nane ikawa kesho. Ndege imepata hitilafu, abiria waliambiwa, na nyingine hakuna. Bibi alizikwa alasiri ileile, maana maiti haisubiri ratiba. Mjomba alifika siku ya pili, akaonyeshwa kaburi.

"Nyingine hakuna." Nimeisoma historia ya usafiri wa anga nchini nikiyatafuta maneno hayo, na nimeyakuta karibu kila muongo.

Tuanze na 1977. Hadi mwanzoni mwa mwaka huo, anga ya Tanzania, Kenya na Uganda ilihudumiwa na East African Airways, lililoanzishwa 1946. Lilikuwa na ndege za kila kimo: Super VC10 za kwenda Ulaya, DC-9 za miji mikubwa, Fokker F27 na DC-3 za viwanja vidogo. Lakini makao yake na karakana yake kuu vilikuwa Nairobi. Shirika lilipoacha kuruka, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya Februari mwaka huo, Dar es Salaam ilibaki na abiria na viwanja, huku karakana ikiwa upande wa pili wa mpaka uliofungwa. Mpaka huo haukufunguliwa hadi 1983.

Air Tanzania ilizaliwa tarehe 11 Machi 1977, ikiwa na twiga mkiani. Ilipofika mwisho wa muongo ilikuwa na Boeing 737-200 mbili mpya, Kilimanjaro na Serengeti. Lilikuwa jambo la kujivunia kwa nchi changa, lakini mwenye ndege mbili, moja ikiingia matengenezo, amepoteza nusu. Februari 1982 moja ya Boeing hizo ilitekwa ikitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, ikapelekwa Nairobi, Jeddah, Athens na hatimaye Stansted, Uingereza. Tunaikumbuka safari ile kama kisa cha utekaji. Mimi huwa nawafikiria pia waliokuwa na tiketi za ndege hiyohiyo kwa siku zilizofuata.

Watani waliokuwa wakizisoma herufi ATC kwa maana ya kwamba safari yaweza kufutwa wakati wowote hawakuwa wakitania sana. Desemba 2002 Shirika la Ndege la Afrika Kusini lilinunua asilimia 49 ya hisa. Ndoa hiyo ilivunjika 2006. Mwishoni mwa 2008 shirika lilisimamishwa kuruka kwa muda. Aprili 2012 Dash 8 yake moja iliharibika katika ajali ikijaribu kuruka Kigoma. Ashukuriwe Mungu, hakuna aliyekufa. Kufikia katikati ya 2016 shirika la taifa lilikuwa limebaki na ndege moja, Dash 8 Q300.

Ratiba ya ndege moja inafanyaje kazi? Ni kama dereva mwenye basi moja. Ndege haina safari moja kwa siku, ina mnyororo wa safari: asubuhi inakwenda mji mmoja na kurudi, mchana mji wa pili, jioni wa tatu. Ikichelewa asubuhi, anayeumia zaidi ni abiria wa jioni, ambaye hata hajui kilichotokea. Ikilala karakanani, miji yote mitatu inalala. Na shirika likilazimika kuchagua mji wa kuukata, aghalabu hukata wenye abiria wachache, ambao mara nyingi ndio wenye barabara ndefu zaidi.

Kuanzia Septemba 2016, zilipopokewa Q400 mbili zenye viti 76 kila moja, hesabu ilibadilika kwa kasi. Julai 2018 ikaja Boeing 787 yenye viti 262. Desemba mwaka huo ikaja Airbus A220, ya kwanza kwa shirika lolote la Afrika. Baadaye zikaja 767 ya mizigo na 737 MAX 9. Kila moja ilipokewa kwa hotuba, ngoma na maji ya zimamoto. Kufikia 2024 zilikuwa ndege 16, za aina sita.

Hapo ndipo hesabu ya mjomba inapoingia. Rubani hupewa leseni kwa aina ya ndege, na fundi na spea hufuata mkondo huohuo. Uwanja nao una mipaka: wa Bukoba, wenye njia ya kurukia ya takriban kilomita moja na nusu, hupokea ndege za mapangaboi. Dreamliner iliyokaa bure Dar es Salaam haiwezi kumwokoa abiria wa Bukoba ambaye Q400 yake imeharibika. Ndege 16 za aina sita si akiba ya ndege 16.

Na aina moja nayo ina hatari yake. Novemba 2022 Air Tanzania ilitangaza kupunguza safari kwa sababu ya matatizo ya injini za A220 zake. Injini hizo, za Pratt & Whitney, ziliwasumbua wengine pia, wakiwemo airBaltic wa Latvia. Ndege zilikuwa nzima, mpya, zimeegeshwa, zikisubiri injini. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu aliripoti hasara ya shilingi bilioni 56.6 kwa mwaka 2022/23, na kusimama kwa ndege hizo kulikuwa miongoni mwa sababu.

Sisemi ndege zisinunuliwe. Aliyeishi miaka ya ndege moja hawezi kusema hivyo. Nasema tumezoea kuandika historia hii kwa tarehe za mapokezi, kwa kuwa ndege hupigwa picha na safari iliyotimia haipigwi. Ningependa siku moja mashirika yote yachapishe kila mwezi, mji kwa mji, safari ngapi ziliahidiwa na ngapi ziliondoka kwa wakati. Hapo mtu wa Kigoma au Mpanda angejua ndege mpya imemfikia au imempita juu.

Mara ya mwisho televisheni ilipoonyesha ndege mpya ikimwagiwa maji, nilikuwa dukani Gerezani. Wateja walipiga makofi. Mjomba naye alipiga, akatabasamu kabisa. Kisha akarudi kuhesabu bolti zake, akauliza bila kuinua kichwa, "Na ya akiba ni ipi?"