WAKALIWOOD: MAKOMANDOO WA KAMPALA WALIOTIKISA MTANDAO

Hapa Isevya kila siku naulizwa: video za mashujaa zinazochekesha na kushangaza pamoja, tuanzie wapi? Kama umeshamchoka Superman na wenzake, jibu langu ni moja tu: Wakaliwood. Soma kwanza haya, ndio ulipie muda wako kafe.

NI NINI HASA?
Ni kampuni ya filamu iliyoko Wakaliga, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Kampala, Uganda. Jina lake rasmi ni Ramon Film Productions. Mwenyewe ni Isaac Nabwana, aliyezaliwa 1973, ambaye zamani alikuwa mfyatua matofali. Aliianzisha 2005. Hilo "Ramon" ni majina ya bibi zake wawili, Rachel na Monica, kayaunganisha.

ANZA NA HII
Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010. Kapteni Alex, komandoo hatari, anatumwa kulimaliza genge la Tiger Mafia. Anauawa. Ndugu yake Bruce U, bingwa wa kung fu, anaingia kumsaka muuaji. Humo kuna mpaka helikopta inayolipua Kampala. Na muuaji ni nani? Filamu inaisha hatujamjua!

WALIFANYAJE?
Bajeti haikufika dola 200. Kompyuta Nabwana aliziunga mwenyewe kwa vipuri vya mtumba. Bunduki zilitengenezwa na fundi wao, Dauda Bisaso, kwa mbao na vyuma chakavu. Damu ilijazwa kwenye kondomu, ikafichwa ndani ya nguo, mtu "akipigwa risasi" inapasuka. Mwanzo walitumia damu ya ng'ombe, wakaiacha baada ya mwigizaji kuugua, wakahamia rangi ya chakula. Waigizaji walijitolea, na DVD waliziuza wenyewe mkononi, mtaa kwa mtaa.

ILE SAUTI SASA
Sisi tuliokulia vibanda vya video tunamkumbuka Lufufu, aliyekuwa akitafsiri filamu za nje kwa Kiswahili na kuongeza chumvi yake. Uganda mtu wa kazi hiyo anaitwa VJ. Humu yuko VJ Emmie, na yeye hatafsiri tu: anashangilia, anawatania wahusika, anaipigia debe filamu huku inaendelea. Hujui Kiganda? Utacheka tu.

LINALOUMA
Filamu yenyewe, ile isiyo na sauti ya VJ, haipo tena. Kompyuta ilijaa, Nabwana akaifuta apate nafasi ya kutengeneza nyingine. Tunayoitazama leo ilibaki kwa sababu nakala ya VJ ilikuwa imeshatoka kwenye DVD. Yaani kazi iliyokuja kutazamwa na mamilioni iliponea kwenye kisahani cha kuuza mtaani. Kwa hiyo nyie mnaorekodi vichekesho kwa simu halafu mnafuta memori ikijaa, wekeni nakala mbili, tena sehemu mbili tofauti. Hujui ipi itakuja kutafutwa.

BAADA YA HAPO
Mwaka 2015 waliomba dola 160 kwenye Kickstarter watengeneze filamu nyingine, wakachangiwa zaidi ya 13,000. Mwaka 2019 filamu yao Crazy World ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto, Kanada.

Kama unataka shujaa mwenye nguvu za ajabu kabisa, au una wadogo zako pembeni, tafuta Super Sema, katuni ya Kenya iliyotoka YouTube mwaka 2021, Lupita Nyong'o akiwa mmoja wa wazalishaji. Binti Sema na pacha wake MB wanapambana na roboti dhalimu kwa kutumia sayansi.

USHAURI WA MFUKO
Captain Alex ni zaidi ya saa moja, ipo bure YouTube. Mwenye hela ya dakika chache aanze na trela.

Haya wadau, nani anadhani anamjua aliyemuua Kapteni Alex? Mwageni maoni.