Mkondo wa Bulingugwe: Vita vya Mengo Havikuishia Mengo

Kijana aliyetuongoza asubuhi ile alikuwa hodari wa kazi yake. Alitupandisha Kampala ya Zamani, kilima ambacho leo kimebeba msikiti mkuu wa taifa, akatuonyesha ilipokuwa ngome ya Kapteni Frederick Lugard, kisha akanyoosha mkono kuelekea Mengo na Lubaga ili tuone jinsi vilima hivyo vinavyotazamana. Akafunga hesabu: vita vya Wakatoliki na Waprotestanti vilipiganwa hapa Jumapili, tarehe 24 Januari 1892, na vikaisha siku hiyohiyo. Wanafunzi wakaandika. Sikumsahihisha mbele ya watoto. Lakini gari lilipotuteremsha Munyonyo kabla ya saa sita, nilimwomba atuongezee nusu saa ya mashua, tuvuke hadi kisiwa kinachoonekana mbele ya mwalo. Nahodha alishangaa. "Mzee, huko hakuna cha kuona ila nyumba za wavuvi."

Kisiwa hicho ni Bulingugwe. Siku sita baada ya Mengo, Jumamosi tarehe 30 Januari 1892, bombomu ya Maxim ililetwa hadi ufuko huu, ikafyatua risasi kuvuka maji, na watu waliokuwa kisiwani wakakimbilia mitumbwi upande wa pili. Mitumbwi ilijaa kupita kiasi. Wengi walizama. Hapo ndipo vita vya Mengo vilipoishia: katika maji, machoni pa wake, watoto na watumishi wa jumba la Kabaka.

Kosa la kijana si lake. Ndivyo tulivyofundishwa sote. Historia ya Buganda ya shule hupenda vilima, kwa kuwa kila dhehebu lina kilima chake: Namirembe, Lubaga, Nsambya, Kibuli. Ufuko hauna mwenyewe. Nadai hapa kwamba Kampala ni mji wa ziwa hata katika vita vyake, na kwamba anayetaka kuelewa namna Uingereza ilivyoitwaa Buganda atajifunza mengi kwa nusu siku kwenye mwalo wa Munyonyo kuliko kwa siku nzima juu ya kilima.

Msomaji anayajua ya mwanzo, kwa hiyo nitayapitia haraka. Buganda ilikuwa dola ya mitumbwi kabla ya kuwa dola ya bunduki. Gabunga, mkuu wa mitumbwi ya Kabaka, aliamuru wapiga makasia wa Ssese, ambao mitumbwi yao ilikuwa ya mbao zilizoshonwa, si gogo lililochongwa. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alimkuta Kabaka Mutesa akipigana na Wavuma kwenye maji ya karibu na Jinja, na vita vile vya majini vilimtisha hata yeye. Mwanawe Mutesa, Mwanga, alichimbisha ziwa karibu na ikulu yake, lile tunaloliita hadi leo Ziwa la Kabaka, akitaka kuliunganisha na ziwa kubwa. Wengi hulitaja kama upuuzi wa kijana mwenye madaraka. Mimi naliona kama fikra ya mtawala aliyefahamu kwamba siku ya hatari njia yake ya uhai ingekuwa maji.

Siku ya hatari ilifika Septemba 1888, Mwanga alipopinduliwa. Alikimbilia kusini mwa ziwa, na mwaka uliofuata akarudi kwa chombo cha Charles Stokes, mfanyabiashara wa Kiayalandi aliyewahi kuwa mmisionari. Wana Ssese walimpokea, na akaweka kambi Bulingugwe. Kutoka kisiwa hiki mitumbwi yake iliusumbua ufuko wa Kalema, Kabaka aliyewekwa na Waislamu, huku jeshi la Wakristo waliokuwa uhamishoni Nkore likipanda kwa nchi kavu. Mwanzoni mwa Oktoba 1889 Mengo ikatwaliwa. Ikapotea tena mwezi uliofuata, ikarudishwa mwanzoni mwa 1890. Lililo muhimu kwetu ni kwamba Bulingugwe kilikuwa kisiwa cha bahati njema kwa Mwanga. Alipokikimbilia mara ya pili, mwaka 1892, alirudi mahali palipomrudishia ufalme miaka mitatu kabla. Wanaoandika kwamba alijificha huko kwa woga hawajaisoma 1889.

Lugard alifika Desemba 1890 akiwa mtumishi wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Aliandamana na Wasudani na Waswahili kutoka pwani, pamoja na bombomu ya Maxim iliyochoka, ileile iliyokwisha kuvuka Afrika na msafara wa Stanley wa kumwokoa Emin Pasha. Aliomba mkataba, akaupata tarehe 26 Desemba. Waganda walikuwa na vyama viwili vilivyoitwa Wafransa, yaani Wakatoliki, na Waingereza, yaani Waprotestanti, ingawa hapakuwa na Mfaransa wala Mwingereza kati yao ila mapadri na wachungaji wachache. Majina hayo yanatosha kuonyesha jinsi ugomvi wa ardhi, vyeo na ukaribu na Kabaka ulivyovishwa kanzu ya dini.

Januari 1892 mtu wa chama cha Waingereza aliuawa katika ugomvi wa bunduki. Mwanga alisikiliza shauri, akamwachia mshtakiwa. Lugard hakuikubali hukumu ya Kabaka ndani ya nchi ya Kabaka. Akawagawia Waprotestanti bunduki za Kampuni. Kwangu hilo ndilo tendo linalobeba mengine yote. Msuluhishi anayegawa silaha kwa upande mmoja keshaacha usuluhishi. Tarehe 24 vilima vikawaka, kanisa la Lubaga likateketezwa, Wafransa wakashindwa mbele ya bombomu, na Mwanga akashuka ziwani na umati wa watu wake; Askofu Jean-Joseph Hirth akamfuata kisiwani.

Siku zilizofuata ndizo ambazo vitabu vya shule huziruka. Lugard alimhitaji Kabaka. Alikuwa na ngome, bunduki na chama kilichoshinda, lakini bila Mwanga hapakuwa na Buganda ya kutawala: machifu wasingekuwa na wa kuwapa vyeo, na mkataba wa Kampuni usingekuwa na mwenye muhuri. Wajumbe walivuka mkondo wakiwa na ahadi kwamba Kabaka akirudi ataketi kitini pake. Lugard baadaye alidai kwamba Hirth ndiye aliyemzuia. Huenda askofu alishauri hivyo, kwani naye alikuwa na siasa yake. Lakini mfalme aliyekuwa ametoka kuona bombomu ikiwafyeka watu wake hakuhitaji askofu amweleze kwa nini asirudi mikononi mwa mwenye bombomu.

Tarehe 30 Lugard alimtuma Kapteni Williams, afisa wa mizinga. Williams aliteremka na askari wa Kampuni na Waganda wa chama cha Waingereza mpaka ufuko unaokabili kisiwa. Anayesimama hapo leo anaelewa mara moja: mkondo ni mwembamba. Bombomu ilifyatuliwa kutoka bara, na chini ya ulinzi wake Waganda wakavuka na kushuka kisiwani. Huo ulikuwa uvamizi wa ufukoni kwa kila kipimo cha kijeshi: silaha nzito nyuma, vyombo vya maji katikati, watu wa mapanga na bunduki mbele. Kabaka na askofu walitoroka kwa mtumbwi. Waliobaki walijazana katika vyombo vilivyokuwepo, na vyombo vikapinduka.

Hapo ndipo ulipozaliwa mgogoro uliovuka bahari. Barua za Hirth zilifika Ufaransa, magazeti yakapaza sauti, na serikali ya Ufaransa ikaidai London majibu. Lugard alirudi kwao mwaka huohuo na mwaka 1893 akatoa vitabu viwili vinene vya kujitetea. Hesabu yake ya waliokufa na hesabu ya wamisionari hazikukutana, wala hazingeweza kukutana, kwa sababu kila upande ulihesabu kwa ajili ya kesi yake.

Kuna shahidi wa tatu ambaye waandishi wetu humpita haraka mno. Kapteni J. R. L. Macdonald alikuwa mpimaji wa njia ya reli kutoka Mombasa hadi ziwani. Serikali yake ilimwamuru arudi Kampala kuchunguza nani alisababisha vita, naye akawahoji watu papo hapo, wakati majeraha bado mabichi. Taarifa yake ilimlaumu Lugard. Serikali ya Uingereza haikuichapisha.

Wanaomtetea Lugard wana jibu tayari: Macdonald alikuwa na chuki naye, kwa hiyo maneno yake hayana uzito. Margery Perham, mwandishi wa maisha ya Lugard aliyemfahamu na kumheshimu, alimpa shujaa wake nafasi ya kila namna. Nimewasoma kwa subira wote wawili, na sioni kwa nini chuki ya Macdonald ifute ushahidi wake huku mapenzi ya Perham yasiguse wa kwake. Tena Macdonald alikuwa afisa wa Kiingereza, si padri wa Kifaransa. Hakuwa na sababu ya kuwapendelea Wafransa wa Buganda. Afisa anapoandika taarifa inayoidhuru serikali yake mwenyewe, na serikali ikaifungia kabatini, mwanahistoria ana wajibu wa kulifungua kabati hilo kwanza.

Kuna pia wanaosema kwamba vilikuwa vita vya dini vya Waganda wenyewe, na mgeni aliingia kati tu. Kauli hii siipi muda mrefu. Waganda waligombana, ndiyo, na waliuana. Lakini waliozama Bulingugwe walikimbia silaha ya Kampuni, iliyoelekezwa na afisa wa Kampuni, kwa lengo la Kampuni: kumrudisha mfalme mwenye muhuri. Lengo lilifikiwa. Mwanga alirejea Mengo mwishoni mwa Machi, na tarehe 11 Aprili 1892 alitia saini mkataba mpya. Wakatoliki walisukumwa Buddu. Aprili 1893 Gerald Portal, mjumbe wa serikali ya Uingereza, alipandisha bendera ya Uingereza Kampala, na Juni 1894 ukatangazwa ulinzi wa Kiingereza. Mwaka 1895 Wamisionari wa Mill Hill, Wakatoliki kutoka Uingereza, walikuja Nsambya, ili Mganda aweze kuwa Mkatoliki bila kuitwa Mfransa. Mpangilio mzima wa vilima tunavyowaonyesha wageni umepitia katika mkondo huu.

Fidia ililipwa pia. Uingereza iliwalipa Mapadri Weupe, shirika la Hirth, pauni 10,000. Fedha zilitoka serikalini zikaenda kwa misheni, na kwa macho ya ofisi za London na Paris shauri likamalizika. Familia za waliozama hazikuwamo katika shauri hilo.

Vita vilivyofuata vimeacha mawe mengi zaidi. Juni 1915 Waingereza walisafiri kwa meli kutoka Kisumu, wakashuka ufukoni Bukoba, wakabomoa mtambo wa simu ya upepo wa Wajerumani na kuupora mji. Mwindaji Frederick Selous, mzee aliyepita miaka sitini, alikuwa kati yao. Wapagazi waliovibeba Vita vya Kwanza vya Dunia waliangamia kwa maelfu bila makaburi ya majina. Hata hivyo sanamu za Askari zilisimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 na Nairobi mwaka 1928, zikiwa na maandishi ya Kiswahili. Kampala ina makaburi ya wanajeshi wa Jumuiya ya Madola Barabara ya Jinja, yaliyotunzwa vizuri. Mwaka 1979 jeshi la Tanzania liliitwaa Entebbe tarehe 7 Aprili na Kampala siku chache baadaye, na mashujaa wake wamelazwa Kaboya, wilayani Muleba. Hata Munyonyo penyewe pana kumbukumbu kubwa, ya mashahidi Wakristo waliohukumiwa hapo Mei 1886, na Papa Fransisko alipazuru Novemba 2015. Ni haki yao. Lakini kutoka uwanja wa mashahidi hadi mkondo wa Bulingugwe ni mwendo mfupi, na baadhi ya waliozama pale walikuwa wa imani ileile.

Nahodha wetu alituzungusha upande wa nyuma wa kisiwa, ule wa mitumbwi iliyopinduka. Sikuona jiwe. Niliona nyavu zikianikwa, na watoto wakioga. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama inawezekana kuwakumbuka watu ambao hata idadi yao imegombaniwa.

Nilimjibu kwa kumtajia Ggolo. Mwaka 1994 mto Kagera ulibeba miili ya waliouawa katika mauaji ya kimbari ya Rwanda hadi ziwani, na mawimbi yakaileta kwenye mialo ya Uganda. Wavuvi na wakazi wa mwambao waliiopoa, wakaizika. Leo kumbukumbu zipo Ggolo wilayani Mpigi, Lambu upande wa Masaka, na Kasensero upande wa Rakai. Ggolo pekee inahesabiwa miili 4,771, na zote tatu pamoja 10,983. Waliowazika hawakujua majina yao, wala chama chao, wala dhehebu lao. Walijua tu kwamba ziwa limeleta watu na kwamba watu huzikwa.

Basi jiwe la Bulingugwe halihitaji kungoja wanahistoria wamalize ugomvi wao. Lisimame kwenye mwalo wa Munyonyo, lielekee maji, liandikwe kwa Kiganda na kwa Kiswahili, kwa kuwa baadhi ya askari waliopelekwa vitani na Kampuni walikuwa Waswahili na lugha hii nayo ina deni lake hapa. Liandikwe tarehe 30 Januari 1892, na kwamba watu walizama wakikimbia risasi. Asiandikwe Mfransa wala Mwingereza.

Tulirudi bara saa saba kasoro. Kijana alifungua daftari lake la maelezo, akafuta neno "vikaisha", akaniuliza Bulingugwe huandikwaje.